Animal Kingdom ya Florida kwa jicho la mtu wa Iringa

Wadau wa Iringa na Mbeya mnaouliza kama Animal Kingdom, ile bustani ya burudani na wanyama ya Disney huko Florida, Marekani, inafaa, inafaa sana tu, ila msiende mkitegemea zoo ya kawaida. Ilifunguliwa 22 Aprili 1998, Siku ya Dunia, na aliyeongoza ubunifu ni Joe Rohde, mbunifu wa Disney, na wazo lao kuu ni kwamba mnyama ana thamani yake hata kama binadamu hafaidiki naye chochote. Na hawakuhubirii, unaliona kwenye ujenzi wenyewe.

Mfano ile Kilimanjaro Safaris, mnapanda gari la wazi mnapita kwa twiga, faru, tembo, simba, na uzio huuoni kabisa! Upo, ila wameuficha kwenye mitaro na nyuma ya vichaka na mawe, kwahiyo wewe ndo unajiona mgeni kwao. Barabara inawarusha kama njia ya Msembe kule hifadhi ya Ruaha baada ya mvua, kumbe ni zege, wamelitia rangi ya udongo wakaligandamiza alama za matairi likiwa bado bichi. Hata mibuyu ni ya kutengeneza. Mimi niliyezoea mibuyu ya Ruaha ilivyochunwa magome na tembo nilijikuta nakagua mashina natafuta makovu.

Alafu kuna Harambe, mji wa kubuni, wameiga pwani yetu hasa Lamu, plasta imebanduliwa makusudi, rangi imepaushwa, na kuna sehemu imeandikwa Uhuru 1961. Mwaka wa Tanganyika ule jamani, nilifurahi mno! Ila hapa nawadai kitu: wangeweka na nyumba mbili tatu zilizopakwa chokaa vizuri, maana pwani watu wanapaka nyumba zao, sio kila ukuta Afrika umechoka.

Mti wa Uzima, ule mti mkubwa wa kutengeneza katikati ya bustani, ni mita 44 hivi, umechongwa wanyama zaidi ya 300, na ndani umebebwa na muundo kama wa mtambo wa kuchimbia mafuta baharini. Na kwenye vinywaji mirija ya plastiki hawatoi, isije ikawafikia wanyama.

Wenye bustani za wanyama huku kwetu, hilo la mtaro badala ya nyavu naomba mlifikirie kwakweli, jembe na sururu tunazo. Na kwa anayeenda, safari ipande asubuhi mapema, joto la Florida likishakolea simba wanalala tu.