Kolamu ya Capcell Pak C18 kwa wanaopima kwinini: uzoefu wangu, Moshi

Wakuu wa maabara, kama piki ya kwinini (ule mlima unaochorwa na mashine ya HPLC, inayotenganisha kemikali kwenye kimiminika) inawasumbua kwa mkia someni hapa. Kolamu yetu ya zamani ya C18, yaani bomba lililojaa chembe za silika zinazotenganisha kemikali, ilikuwa ya kawaida tu, 4.6 kwa 250 mm, chembe za mikroni 5, kwa kafeini ya kahawa ya huku Kilimanjaro ilikuwa poa kabisa ila ukiingiza kwinini piki inapanda vizuri halafu kushuka inajivutaaa, hujui hata eneo lake ulikatie wapi.

Shida ni silika yenyewe. Hata ikishafunikwa na minyororo ya kaboni 18 bado zinabaki silanoli (vikundi vya OH juu ya silika) zilizo wazi, na dawa yenye asili ya besi kama kwinini inanasa pale halafu inaachia kidogo kidogo, ndo huo mkia sasa. Shiseido ya Japani, ndio hao hao wa vipodozi, waliotengeneza Capcell Pak, wao wakapitisha mvuke wa siloksani ya duara juu ya silika, mvuke ukigusa uso wa chembe unajiunga wenyewe unakuwa utando wa silikoni, na huo utando una haidrojeni zilizoshikana na atomi za silikoni ndo hapo wanapopandikiza C18. Kilichonivutia ni wembamba wake, maana polima ikiwa nene inaziba vitundu vya chembe na piki zinapanuka, hapa vitundu viko wazi.

Kwangu kwinini sasa inasimama wima, na trietilamini (kemikali ya kupunguza mkia) tumeacha kuweka kwenye bafa (kimiminika cha chumvi kinachoshikilia pH), yaani hata ile harufu imeisha maabara. pH nayo, silika ya kawaida ikivuka 8 inaanza kuyeyuka, hii UG120 (aina ya Capcell Pak ninayotumia) inaruhusiwa 2 hadi 10, mi naishia 9.

Bei imesimama kwa kweli, na kuisubiri ifike Moshi kunachosha. Kama kazi yenu ni kafeini tu msinunue, hela hiyo ifanye kitu kingine. Ila dawa za malaria, za presha kama propranolo, hapo nunueni tu bila wasiwasi. Na msidhani utando unazuia kila kitu, umeme ukikatika bafa ikiwa ndani chumvi inaganda vile vile, kwa hiyo UPS (betri ya akiba ya mashine) lazima, kolamu ndogo ya kinga lazima, na jioni osheni na maji yenye methanoli kidogo kwanza ndo mpandishe methanoli. Ukipanda pH juu ya 8 epuka fosfeti, inaimaliza silika haraka.