Uzoefu wangu: darasa la karate Kirumba na pigo la shuto-uchi

Anayetaka kuvunja matofali kwa mkono baada ya wiki mbili asiende. Darasa hili la jioni, kwenye ukumbi wa kukodi huku Kirumba, Mwanza, linakwenda polepole, na kwa maoni yangu polepole hiyo ndiyo inayostahili kulipiwa. Mimi ni mama mwenye duka Makoroboi. Nilijiandikisha pamoja na binti yangu wa sekondari, na nilichokishika vizuri kuliko vyote ni pigo moja tu: shuto-uchi, kupiga kwa makali ya kiganja.

Kwa kuwa watu wengi wameliona pigo hilo kwenye video, wanaona ni jepesi. Sensei, yaani mwalimu wetu, alianza na mkono wenyewe, kabla hatujaruhusiwa kurusha chochote. Vidole vinne vinabanwa pamoja, ncha zake zimepinda kidogo, na gumba linakunjwa na kubanwa ubavuni mwa kiganja lisije likanaswa. Kinachogonga ni ile nyama nene iliyo chini ya kidole cha mwisho kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Vidole vyenyewe havigongi, wala mfupa wa kifundo. Alimpitia kila mmoja wetu, akigusa sehemu hiyo kwa kalamu mpaka tukaijua hata tukiwa tumefumba macho.

Kisha ndiyo mkono unaanza kwenda. Kiganja kinaanzia karibu na sikio, kiwiko kimeinuliwa nyuma, mkono wa pili umenyooshwa mbele. Nyonga inazunguka kwanza, kiwiko kinafuata, kiganja kinakuja mwisho kabisa na kugeuka kutazama juu pale tu kinapofika. Wakati huohuo mkono wa mbele unavutwa kwa nguvu hadi kiunoni, wenyewe wanaita hikite. Bega likikazwa mapema, pigo linafika limekwisha nguvu. Hili huwezi kuliona kwenye simu, lazima awepo mtu wa kukuangalia. Kwetu yupo kijana wa mkanda wa kahawia anayemsaidia sensei. Kila jioni ananiamkia, "Shikamoo mama," na nikishaitikia tu, anaanza kazi: "Mama, legeza bega. Nguvu inatoka kiunoni." Nampenda kwa hilo. Heshima ananipa, lakini kosa haliachi lipite.

Siku nilipopiga pedi, ule mto wa kupigia mazoezini, nyonga na mkono vikafika pamoja, mlio ulibadilika, ukawa mkavu na mfupi. Binti yangu aligeuka kutazama.

Jambo lililonituliza kama mzazi ni usalama. Shuto-uchi mara nyingi hulenga shingo, na shingoni ndipo ilipo mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Kwa hiyo mkiwa wawili wawili, mkono husimama kabla ya kugusa. Sensei halegezi hapo hata kidogo: anayefanya mzaha anakalishwa pembeni kipindi kizima, awe mtoto wa nani.

Mtindo ni Shotokan, uliotokana na Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyekwenda kuionyesha karate Tokyo mwaka 1922. Kata, yaani mfululizo uliopangwa wa hatua, kinga na mapigo, ya kwanza tunayofundishwa ni Heian Shodan, na mwisho wake kuna shuto-uke, ambayo ni kinga ya kiganja hichohicho. Watoto huvichanganya viwili hivi, na sensei huvitenganisha kwa uvumilivu mkubwa. (Watoto haohao bado wanauliza kwa nini karate ilikuwepo kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, halafu Paris 2024 haikuwepo. Hata mimi iliniuma.)

Kuna kasoro. Sakafu ni saruji tupu, haina mati, na magoti ya mtu wa umri wangu yanaisikia. Jumamosi watoto na watu wazima wanachanganywa, nafasi inabana, na mtu kama mimi anarekebishwa mara chache. Ningefurahi sana wakigawa vipindi viwili siku hiyo.

Ukienda, chagua siku za katikati ya wiki. Kata kucha, vua pete na saa, beba maji. Gi, yaani sare ya karate, si lazima mwanzoni, suruali pana na fulana vinatosha. Na kama una binti, nenda naye. Wasichana pale wanafundishwa pigo lilelile, kwa ukali uleule, na wangu sasa ndiye anayenikumbusha muda ukifika.