Laki tatu na nusu kwa chumba cha futi kumi: muuza rangi, karakana ya Keko na mapazia ya Kariakoo

Chumba ninachokizungumzia kina futi kumi kwa kumi, yaani takribani mita tatu kila upande, kimo katika nyumba ya kupanga huku Tabata, Dar es Salaam, na dirisha lake moja linatazama magharibi. Nilikaa humo miaka minne bila kugusa chochote isipokuwa kugongomea misumari ukutani, hadi Desemba iliyopita, mguu wa kitanda uliokuwa umeegemezwa kwa tofali ulipoteleza usiku na kunimwaga sakafuni. Nikajiwekea bajeti ya shilingi 350,000, nikaapa kwamba haitaongezeka, kisha nikaanza kutafuta mafundi. Naandika jinsi kila mmoja wao alivyonihudumia kwa sababu kabla ya kuanza nilitafuta sana maelezo ya aina hii, nikaishia kukutana na picha za vyumba ambavyo kitanda peke yake kinagharimu zaidi ya fedha zangu zote.

Nianze na rangi, kwa kuwa ndiko nilikoudhika. Duka lenyewe sitalitaja. Ni duka la vifaa vya ujenzi lenye mashine ya kuchanganya rangi, na muuzaji wake ni kijana mchangamfu ambaye kwa tabia sina neno naye. Nilimweleza ukubwa wa chumba, akanijibu bila hata kugusa kikokotoo: “Dada, futi kumi kwa kumi? Kopo moja la lita nne linakutosha na linabaki.” Nikalipa 38,000 kwa kopo moja la rangi ya maji, ile aina inayoweza kupanguswa, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Kama ningeketi na kalamu dakika tano nisingemsikiliza. Kuta nne za mita tatu zenye kimo cha mita 2.7 zinafikia mita za mraba 32 na ushee, na ukiondoa mlango na dirisha zinabaki kama 29. Lita moja ya rangi ya maji, juu ya ukuta laini, hufunika takribani mita za mraba kumi kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, na hakuna fundi anayejiheshimu anayeacha ukuta kwa mkono mmoja. Hesabu hiyo inadai karibu lita sita, na kopo lina nne.

Rangi iliisha katikati ya ukuta wa pili, mkono wa pili. Nikarudi dukani nikiwa na namba ileile ya rangi iliyoandikwa kwenye kifuniko, mashine ikachanganya, nikalipa 38,000 nyingine, nikafika nyumbani, fundi akapaka shubiri moja tu na kusimama. Rangi mpya ilikuwa imekolea zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, lakini jua la saa kumi lilipoingia dirishani mstari ulionekana wazi, upande mmoja maziwa na upande mwingine chai. Muuzaji, nilipompigia simu, alisema ikikauka itafanana. Haikufanana. Mwenye kununua rangi ya kuchanganywa, basi, anunue yote kwa mkupuo mmoja na makopo yote yamiminwe kwenye ndoo moja na kukorogwa kabla brashi haijaguswa. Jambo hili kila fundi analijua, na kila muuzaji analijua pia, ila si wote wanaolisema.

Aliyeniokoa ni fundi rangi mwenyewe, ambaye nilielekezwa kwake na jirani. Aliuacha ukuta wa upande wa kichwa cha kitanda, uliokuwa umekamilika kwa kopo la kwanza, kisha akarudia ukuta wa pili wote kuanzia kona, na mbili zilizobaki, kwa kopo jipya, hivyo rangi mbili zikakutana kwenye pembe za chumba badala ya katikati ya ukuta. Wageni wananisifu kwa kuchagua ukuta mmoja uwe tofauti kidogo, nami huitikia asante.

Huyu fundi ana sifa nyingine inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za kupanga, nusu ya chini ya kuta zangu ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ili uchafu upanguswe kwa urahisi, na mpangaji fulani wa zamani alipaka rangi ya maji juu yake bila kuandaa ukuta, ndiyo maana kila nilipobandua kalenda niliondoka na ganda la ukubwa wa chapati. Fundi alipofika hakufungua kopo. Alichuchumaa, akaingiza ukucha chini ya ganda moja karibu na swichi, akalivuta taratibu likaja lote bila kukatika, akaliinua kwenye mwanga na kuniambia, “Hapa dada tukipaka leo, masika yakifika inashuka yote.” Siku nzima ya kwanza ikaenda katika kukwangua na kupiga msasa mpaka mng'ao wa rangi ya mafuta ukafa, kuosha kwa maji ya sabuni, kuziba matundu yangu ya misumari, na kuacha ukuta ukauke hadi kesho yake. Alitoza 45,000 kwa siku tatu, na msasa, rola, brashi na unga wa kuzibia vikala 24,000 nyingine. Nilikuwa nimepata fundi wa 30,000 aliyeahidi kumaliza kwa siku moja, na sasa naelewa kwamba siku mbili alizokuwa akizipunguza ndizo za msasa. Masika yamepita na ukuta uko vilevile.

Baada ya rangi kilibaki kitanda. Keko wengine wanaijua kwa gereza, wengine kwa samani; mimi nilikwenda kwa samani, nikiwa na nia ya kununua kitanda kipya cha tano kwa sita na kukiuza cha zamani kwa bei yoyote. Vitanda vimepangwa barabarani hadi ukingoni mwa lami, na mtu hutembea katikati ya vumbi la mbao na harufu ya vanishi akiitwa kutoka kila upande. Bei ya kwanza niliyotajiwa kwa kitanda cha mninga, mbao ngumu, ilizidi bajeti yangu yote. Mfanyabiashara aliyefuata alinionyesha kingine, chekundu kilichokolea, kinachong'aa, akasema nacho ni mninga na bei yake ni 180,000. Nilikuwa tayari kukubali. Nilipoinama kuangalia chaga, nikakwaruza kwa ufunguo sehemu ya ndani ya fremu ambayo brashi haikufika, na chini ya wekundu ule kulikuwa na mbao nyeupe, nyepesi, yenye harufu ya utomvu: paini. Paini si dhambi, na ikitiwa dawa inadumu, lakini mtu aiuze kwa jina lake. Mninga wa kweli ni kahawia hadi ndani, wenye michirizi, na kitanda chake hukiinui kwa mkono mmoja.

Karakana niliyoishia ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa akipiga randa bila kumwita mtu yeyote. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu na kumwonyesha picha ya kitanda changu kwenye simu, kile nilichorithi kwa shangazi. Aliikuza picha, akaiangalia muda mrefu, akauliza kizito au chepesi. Nilipomwambia hutakiwa watu wawili kukisogeza alicheka. “Mwanangu, huo ni mkongo. Usikiuze, niletee.” Mkongo nao ni mbao ngumu. Nikakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwenda na kurudi kwa 20,000, nikampelekea.

Alichonionyesha siku ile kimenifundisha kuhusu mbao kuliko nilivyowahi kusoma. Alikilaza kitanda ubavu, akachokonoa mguu mbovu kwa ncha ya patasi, na unga laini kama wa ngano ukamwagika sakafuni. Nikadhani kimekwisha. Akaendelea kuchokonoa, na baada ya nusu inchi patasi ikagota. Bungua walikuwa wamekula ile sehemu ya nje, nyeupe, iliyokuwa karibu na gome mti ulipokuwa hai. Kiini chekundu hawakukigusa. Yaliyobaki ya ubovu yalitokana na maji ya kudekia yaliyokuwa yakinyonywa na miguu kila siku kwa miaka. Akapendekeza miguu yote minne ikatwe na kuwekwa mipya ya vipande vya mkongo alivyokuwa navyo, yenye urefu wa inchi 14 badala ya 8, ili chini ya kitanda paingie droo za magurudumu. Katika chumba cha futi kumi ambacho kitanda kinakula karibu theluthi ya sakafu, nafasi iliyo chini yake ndiyo stoo pekee mtu atakayoipata bila kulipa kodi zaidi, nami kwa miaka minne niliijaza viatu na vumbi.

Kukarabati kitanda, pamoja na miguu, chaga mpya, msasa na vanishi mikono miwili, kuligharimu 70,000. Droo mbili za plaiwudi zilikuwa 25,000 kila moja. Alibadilisha pia misumari ya viungo kwa bolti, jambo ambalo sikuliomba wala hakulitoza, kwa maelezo kwamba mpangaji ni msafiri na kitanda chake lazima kipite kila mlango. Ubora wa kazi naupa alama zote. Kwa muda, hapana: aliniahidi Alhamisi, nikapewa Jumanne iliyofuata baada ya simu sita, na kila simu ilijibiwa kwa upole uleule kwamba vanishi inakauka. Nashauri atakayekwenda huko alipe nusu tu ya bei mwanzoni, na godoro lake alitandike sakafuni bila kuhesabu siku. Magurudumu ya droo nayo ni ya plastiki nyepesi, na katika karakana inayojali mbao kiasi hicho yalinishangaza.

Mapazia niliyanunua Kariakoo, na hapa sina malalamiko isipokuwa juu ya macho yangu mwenyewe. Kitambaa cha kwanza nilichokipenda kilikuwa cha kijivu tulivu chini ya taa nyeupe za duka. Mama mmoja aliyekuwa akinunua pembeni yangu aliniambia nikitoe mlangoni, na kwenye jua kikageuka zambarau. Nikachagua kingine, chepesi, rangi ya mchanga. Muuzaji alinisukuma sana kuelekea vitambaa vizito vinavyozuia mwanga wote, na kwa chumba chenye kiyoyozi angekuwa na hoja, ila mimi nina feni tu na upepo wa dirishani, na pazia zito mwezi Januari Dar es Salaam ni blanketi lililotundikwa wima. Kitambaa kilikuwa na upana wa mita 2.8, upana ambao unasimama kama kimo cha pazia, kwa hiyo nilihitaji kununua urefu wa bomba la kutundikia pazia mara mbili kasoro kidogo ili pazia likunjike vizuri: mita 3.5, kila mita kwa 9,000 baada ya kushuka kutoka 12,000. Fundi cherehani wa barazani mwa duka alishona na kutia ringi kwa 8,000 nikisubiri. Bomba la mita mbili lilikuwa 12,000.

Bomba hilo sikulifunga juu kidogo ya dirisha kama lilivyokuwa la zamani. Nililipandisha hadi chini kidogo ya dari, na kwa kuwa ni refu kuliko dirisha kwa nusu mita, pazia likifunguliwa linakaa ukutani na kioo chote kinabaki wazi. Sijui kitu kingine cha bei hiyo kilichokibadilisha chumba kiasi hicho. Dari ilionekana kama imeinuliwa.

Yaliyobaki ni madogo. Mashuka mawili ya pamba niliyatoa mitumba ya Karume kwa 5,000 kila moja, asubuhi na mapema wakati belo zinafunguliwa, na ni mazito kuliko mapya niliyoyaona dukani kwa mara nne ya bei hiyo. Yafuliwe tu kwa maji ya moto kabla ya kutandikwa. Globu ya LED ya wati 9 ilikuwa 3,000. Kwenye boksi lake tafuta namba ya kelvini: 6500 ni mwanga mweupe wa dukani, 3000 ni wa manjano, wa kulalia. Nilinunua ya 3000, na rangi mbili za kuta usiku hazitofautiani kabisa.

Jumla ikafika 349,500, nauli za daladala sikuzihesabu, na anayetaka kuniita mwongo kwa hilo ana haki yake. Gurudumu la droo ya kushoto lilivunjika wiki ya tatu. Nimeirudisha Keko Jumamosi iliyopita, na mzee ameahidi kwamba itakuwa tayari Alhamisi.