Titicaca na marafiki: mlale Puno au Copacabana?

Ubishi ni uleule kila kundi likipanga kuzunguka Ziwa Titicaca na mabegi mgongoni: Puno ya Peru, au Copacabana ya Bolivia?

Kwa pesa, Copacabana ina nafuu, chumba hata sahani ya trauti. Ila bebeni taslimu. Si mji wa kutegemea ATM.

Kwa usafiri, Puno haishikiki: ina mabasi ya Cusco na Arequipa, na uwanja wa ndege wa Juliaca hauko mbali. Ukitoka La Paz kwenda Copacabana, lazima uvuke Tiquina, sehemu nyembamba ya ziwa. Abiria wote mnashuka, mnapanda boti ndogo, na basi lenu linavushwa peke yake juu ya pantoni ya mbao, likiyumbayumba na mizigo yenu ndani. Kwangu hiyo ni burudani. Mwenye haraka atanuna.

Visiwa? Uros, karibu na Puno, vimetengenezwa kwa matete ya totora. Ukikanyaga panabonyea kama godoro, na matete ya chini yakioza wenyeji hutandika mapya juu. Biashara ya watalii imezidi kidogo, lakini. Copacabana inakupa Isla del Sol, yenye vilima na magofu ya Wainka.

Baridi ya usiku haichagui, wala kichwa kuuma: ziwa liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari.

Mkiwa na siku 2 na ndege ya kuwahi, Puno. Mkiwa na wiki nzima na mifuko myepesi, Copacabana, mradi kila mmoja awe na miguu ya kupanda vilima.