Kuziba jino Tabora: uzoefu wangu kwa daktari mwenye meno ya kahawia

Daktari ana meno ya kahawia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowatia watu wasiwasi kabla hata hawajakaa kwenye benchi. Siku niliyokwenda, kijana mmoja wa bodaboda alimnong'oneza mwenzake kwamba fundi gani huyu, nyumba yake mwenyewe inavuja. Dokta alisikia, akacheka mdomo wazi ili wote tuone vizuri. Kwao ni Arusha, upande wa Meru, na maji waliyokunywa utotoni yalikuwa na floraidi kupita kiasi. Floraidi ikizidi wakati meno ya mtoto bado yanajijenga ndani ya taya, yanaota na madoa ambayo hayatoki kwa mswaki, wala kwa mkaa. Mzee mmoja pale benchini akaongeza lake: Mwalimu Nyerere alianza kusoma hapa hapa Tabora mwaka 1937, na meno yake ya mbele yalichongwa kwa mila ya Wazanaki, mbona nchi nzima ilimsikiliza? Kijana akanyamaza.

Jina la kliniki silitaji. Dokta mwenyewe aliniomba nisimpigie debe mtandaoni. Ni chumba kimoja na baraza, si mbali na soko kuu, na watu wa mjini mmeshaijua.

Mimi nauza asali. Gego la chini kushoto lilikuwa limeanza kunichoma kila nikinywa maji ya baridi. Kabla ya kufika kwa dokta huyu nilipita sehemu nyingine, ambayo nayo naiacha bila jina. Aliyenipokea alimulika kwa tochi ya simu, hakuuliza hata jina langu, akasema, "Hilo ni la kutoa tu kaka, elfu ishirini." Koleo lilikuwa mezani tayari. Nikasema naenda kutafuta hela, sikurudi.

Huku maswali yalitangulia. Linakuamsha usiku? Hapana. Ukishameza maji, maumivu yanaendelea au yanakata? Yanakata. Akanigongea jino kwa mpini wa kile kioo chake cha chuma, akapuliza hewa (hapo niliruka), kisha akanipa kioo cha mkononi nijionee: kitundu cheusi juu ya gego, kidogo kuliko nilivyodhani. Akanieleza kwamba jino linaloshtuka kwa baridi kisha likatulia, mara nyingi bado linaokoleka kwa kuziba. Likianza kuuma lenyewe usiku wa manane, bila kuguswa na kitu, ujue uozo umefika kwenye mshipa. Hapo ni kutibu mzizi, kazi ya gharama, au kung'oa. "Watu wa Tabora wananiletea jino likiwa limeshakufa," alisema. "Halafu wanasema kwa dokta wa meno ni kung'olewa tu. Mnanileteaje maiti mkategemea niifufue?"

Alikuwa ndiyo kwanza ameanza na mashine, umeme ukakatika. Nikajua leo narudi nyumbani na shimo. Akamwita msaidizi alete tochi ya kichwani, akachukua kifaa kama kijiko, chembamba sana, akaendelea kukwangua uozo kwa mkono taratibu. Ulikuwa unatoka laini, rangi ya kahawia, anaupangusa kwenye pamba. Akakorogea unga na majimaji juu ya kigae kidogo ikawa saruji nyeupe, akaijaza kwenye tundu, halafu akapaka kidole mafuta ya mgando na kuibonyeza juu ya jino kwa kidole hicho hicho chenye glovu. Nikaambiwa niume karatasi ya rangi, akapunguza palipozidi, na nisile kitu kwa saa moja. Sindano ya ganzi haikuhitajika.

Nilidhani ni ujanja wa kukimbia giza. Kumbe ni njia rasmi, na ilianza kutumika hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikiwalenga watu wa maeneo yasiyo na umeme ambao mwisho wa kila jino bovu ulikuwa koleo. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliipigia chapuo. Leo inafanyika nchi nyingi. Inafaa zaidi kwa kitundu cha upande mmoja kama changu. Shimo lililokula nusu ya jino ni habari nyingine, na dokta alilisema hilo waziwazi bila kuulizwa. Nililipa elfu arobaini pamoja na kadi. Ndiyo, ni mara mbili ya kung'oa. Lakini gego bado ninalo, na karanga natafuna upande ule ule.

Sasa tulipokosana ni kwenye asali. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia, na nikamwekea na sifa zake: asali ni dawa. Akanijibu kwamba wadudu wa mdomoni hawaulizi kama sukari imetoka kiwandani Kilombero au kwenye mzinga wa Sikonge; wote wanaila na kutoa asidi inayotoboa jino. Na kweli, Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali kwenye kundi moja na sukari ya kuongeza, ile ambayo tangu 2015 linashauri isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula chote cha siku. Kinachoua jino, kwa maneno yake, ni mara ngapi kuliko kiasi gani: chai ya sukari alfajiri, soda saa nne, pipi mchana, chai tena jioni, mdomo haupati nafasi ya kupumzika. Hapo namkubali. Ila bado naona ameionea asali. Sijamwona mtu anayeshinda kijiweni akinyonya asali kutwa nzima. Soda nawaona kila siku.

Kilichonifanya niandike haya yote lakini si jino langu. Wakati nasubiri saruji ishike, aliingia bibi mmoja na binti yake, wamebeba mtoto mchanga mwenye homa na kuhara. Bibi alitaka mtoto atolewe "meno ya nailoni", zile alama nyeupe zinazoonekana kwenye fizi, akiamini ndizo zinazoleta homa na kuhara. Imani hiyo tunayo tangu miaka ya 1980, na wapo wanaozichokonoa kwa spoku ya baiskeli.

Dokta alivua glovu, akamwendea. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie, mjukuu ananifia."

Hakumkaripia. Alichukua mkono wake, akapitisha kidole cha bibi mwenyewe juu ya fizi ya mtoto, akamwambia hicho ulichogusa ni chonge linalojiandaa. Litatoka akifikisha mwaka na nusu hivi. Ukilichokonoa sasa, unampa pepopunda au sumu ya damu, na hata jino la ukubwani linaweza kuota limeharibika. Kinachomuua mtoto ni kupungukiwa maji, na homa ambayo hatujajua ni malaria au nini. Akamwambia binti aendelee kunyonyesha njia nzima, akaandika karatasi, na msaidizi akawasindikiza kwenye bajaji kwenda hospitali ya Kitete. Hakudai hata senti. Akarudi kwangu huku ananawa mikono, akasema mdomo wa mtu mmoja ni shida ya nyumba nzima: mtoto mwenye jino bovu halali, mama naye halali, kesho darasani hakuna anachosikia na shambani hakuna anayelima.

Mambo mengine aliyagusa harakaharaka nikiwa nalipa. Anakagua chini ya ulimi na ndani ya mashavu ya kila mtu mzima, maana huu ni mkoa wa tumbaku na wazee wengi wanaweka ugoro. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kipelekwe kikaangaliwe. Mwenye kisukari fizi zake zichungwe zaidi, kwa sababu fizi mbovu na kisukari vinachocheana. Mswaki wa mti ni mzuri ukiutafuna ncha ikawa laini, lakini upake dawa ya meno yenye floraidi. Usiku piga mswaki, tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Dawa ya mtoto wa chini ya miaka mitatu iwe kiasi cha punje ya mchele, si mstari mzima kama kwenye tangazo.

Kasoro zipo. Hakuna miadi, anayewahi ndiye anayehudumiwa, na kwa vile dokta anaongea na kila mgonjwa kama alivyoongea nami, foleni haitembei. Benchi la nje linapigwa na jua kuanzia saa tano. Bei hazijabandikwa ukutani, unaambiwa ukishakaa kwenye kiti, na hilo mimi silipendi hata kama bei yenyewe ni ya haki. Bima hawapokei. Msaidizi wa mapokezi hujibu watu huku anachati.

Nampa nyota nne. Wahini saa moja asubuhi, mbebe hela taslimu, na Alhamisi msiende: siku hiyo dokta huwa anazunguka shule za msingi, mlango unakuta umefungwa na hakuna tangazo lolote.