Praima ya kopo kwa sanamu ndogo: uzoefu wangu baada ya makopo 11

Askari wa kwanza niliyemharibu alikuwa na kimo cha milimita 28 hivi, amevaa deraya ya pete za chuma. Deraya hiyo ndiyo iliyonifanya nimpende. Kila pete ilionekana, ndogo kuliko kichwa cha pini, na karibu na goti palikuwa na mchano ambapo nguo ya ndani ilichungulia. Nikampulizia praima nyeupe, yaani rangi ya msingi, nikamwacha akauke. Niliporudi nilimkuta kama amenyunyiziwa mchanga. Pete zimezibwa, mchano wa gotini haupo, na nilipompitishia kidole aliparuza kama msasa.

Tangu siku hiyo nimemaliza makopo 11 ya aina sita. Nataka kueleza lipi limenifaa na lipi limenitesa, na kwa nini mengi niliyoyalaumu makopo yalitokana na hewa ya siku hiyo na mwendo wa mkono wangu.

Praima, au andakoti kama mafundi wengi wanavyoiita, kazi yake ni kushika. Rangi nyingi za sanamu hizi ni za akriliki, huchanganywa kwa maji, na plastiki tupu haizipokei. Ukipaka moja kwa moja, rangi hujikusanya na kukimbia kama maji kwenye jani la myugwa, na hata ikikauka, ukiishika sanamu mara mbili tatu ncha ya pua na vifundo vya vidole vinabaki uchi. Praima huishika plastiki, kisha hutoa uso mkavu wenye mparuzo mdogo ambao rangi inapata pa kukaa. Ni hayo tu. Kwa hiyo praima nzuri kwangu ni ile ambayo ikishakauka huioni, unaiona sanamu.

Kabla ya kuulizia chapa, angalia sanamu yako imetengenezwa kwa kitu gani. Plastiki ngumu, polistirini, ile inayoungwa kwa gundi ya kuyeyusha, ndiyo rahisi kuliko zote, na karibu praima yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli itaikubali. Hatari yake iko kwenye makopo ya kazi nyingine, ya vyuma au ya magari, yenye viyeyushi vikali kama asetoni. Polistirini huyeyuka kwenye asetoni, na kinachoanza kupotea ni kile chembamba: upinde, kidole, ukingo wa panga. Rezini, ile inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikagandishwa, huja na mafuta ya kutolea kwenye kalibu, kwa hiyo ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, uisugue kwa mswaki laini, uiache ikauke kabisa. Kama ni rezini ya kuchapishwa kwa mashine, hakikisha imeoshwa na kukomazwa kwa mwanga hadi mwisho. Rezini mbichi hainyamazi chini ya praima. Chuma nacho kioshe, na tegemea kwamba ncha za mikuki zitachubuka kwanza.

Iliyonisumbua kuliko zote ni plastiki laini, ile ya sanamu nyingi za michezo ya mezani, ambayo upanga ukiupinda unarudi wenyewe. Nilikuwa na 14 za namna hiyo. Kopo nililotumia sitalitaja jina, maana kwenye plastiki ngumu lilikuwa limenifanyia kazi safi. Siku ya pili zilikuwa zinanata. Nikasema ni unyevu, nikazipa wiki. Wiki ya tatu nilimshika mmoja kwenye mgongo wa joho lake na alama ya kidole gumba changu ikabaki pale, mistari yote, kama muhuri. Plastiki ya aina hiyo imetiwa vilainishi ili isikatike, na vilainishi hivyo vikikutana na viyeyushi vya baadhi ya makopo, tabaka la praima halikauki. Nikaziosha zote 14 na kuanza upya kwa praima ya maji. Vallejo Surface Primer, ambayo ni akriliki yenye poliuretani na hupakwa kwa brashi au kwa eabrashi (kalamu ya kupuliza rangi kwa hewa), ilishika bila kunata. Kwa brashi inataka subira: paka kidogo, iache ijivute yenyewe, usirudie mahali pale ikiwa imeanza kukauka. Kasoro niliyoijua baadaye ni kwamba haipendi kupigwa msasa, inabanduka kama ngozi badala ya kulainika. Siku hizi sanamu laini yoyote naijaribu kopo kwanza chini ya kitako chake, nangoja siku nzima, ndipo naamua.

Kwa plastiki ngumu, chuma na rezini, kopo lililodumu mezani kwangu ni Tamiya Fine Surface Primer ya kijivu, kopo la mililita 180. Hii ni ya laka, yaani ya viyeyushi, si ya maji. Ikitua inaonekana nzito na yenye maji, na mara ya kwanza moyo ulinidunda nikadhani nimezidisha. Nikachukua kioo cha kukuzia na kutazama. Kwenye deraya, praima ilikuwa imejaa katikati ya pete kama maji kwenye vifuu. Kisha ikaanza kunywea. Kingo za pete zikajitokeza kwanza, halafu vivuli kati yake, na baada ya dakika chache kila pete ilikuwa imekaa mahali pake, kijivu, kavu, bila mng'ao. Laka husinyaa ikikauka na kuvutwa ikakaza juu ya umbo. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye makopo yote yaliyotangulia.

Ina gharama yake. Harufu ni kali, na kopo ni dogo ukililinganisha na yale ya mililita 400 ambayo yametengenezwa kwa watu wanaopaka kikosi kizima kwa siku moja. Kwa sanamu 40 za askari wa kawaida natumia kopo kubwa la akriliki bila kusita. Ya laka naiwekea zile ambazo nitakaa nazo usiku kadhaa.

Nimetumia pia Mr. Surfacer, praima nyingine ambayo namba zake husomwa kama za msasa: 500 ni nzito, inajaza mikwaruzo, na 1500 ni laini sana. Kwa rezini iliyochapishwa yenye ngazi ndogondogo begani zilizoachwa na mashine, ile ya 1000 ilinisaidia, mkono mmoja (yaani tabaka moja), msasa laini, kisha mkono mwingine. Kwa uso wa mtu usiweke 500. Itajaza na kope.

Kuhusu rangi ya praima nina msimamo. Nyeusi inasamehe: mahali ambapo brashi haitafika, kwapani na chini ya joho, panabaki kivuli. Lakini njano na nyekundu juu ya nyeusi zinakula mikono minne, na kila mkono unaongeza unene. Nyeupe inang'arisha kila kitu, ila inafunika polepole, kwa hiyo kidole kinashawishika kubonyeza zaidi, na hapo ndipo wengi tunaziba sanamu. Kijivu ndicho ninachomshauri anayeanza. Kinaonyesha mikunjo yote na hakipigani na rangi yoyote.

Ukishaizoea, changanya. Mimi napiga nyeusi kila upande, ikikauka napuliza kijivu kutoka juu kwa mshazari, halafu nyeupe kidogo kutoka juu kabisa, kama jua la utosini. Mwanga unabaki kwenye mabega, paji la uso na migongo ya mikunjo, na giza linabaki chini ya mikono. Hata kabla ya brashi kugusa chochote, unajua kivuli kinakwenda wapi. Ukitumia rangi nyepesi zinazopitisha mwanga, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa kupuliza, na hapa nitakaa kidogo.

Tikisa kopo kwa dakika mbili kamili. Goroli iliyomo ndani ikishaanza kugonga, hesabu kuanzia hapo. Rangi hutuama chini, na ukipuliza kabla haijachanganyika unapata viyeyushi vingi na rangi haba, inachuruzika. Kopo likiwa baridi naliweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu kwa dakika tano, ya vuguvugu tu, ya kuoga mtoto. Usiliweke kwenye moto wala maji yanayochemka. Ni gesi iliyoshindiliwa hiyo, na makopo yenyewe huandikwa yasipite nyuzi 50 za Selsiasi. Likipata joto kidogo msukumo unakuwa sawasawa na matone yanatoka madogo.

Sanamu nazibandika kwenye ubao mwembamba kwa utepe unaonata pande mbili, tano au sita, zikiachana upana wa vidole vitatu. Ukizisogeza karibu mno, mmoja anamkinga mwenzake. Napuliza kutoka sentimita 20 hadi 30. Kidole kinabonyeza kopo likiwa bado pembeni ya sanamu, mkono unapita, kidole kinaachia ukiwa umeshavuka. Tone la kwanza linalotoka puani mwa kopo ni nene na linatema. Acha liangukie hewani. Kisha geuza ubao robo, pita tena. Mkono wa kwanza haupaswi kufunika. Ukiona bado plastiki inaonekana kwa madoadoa, umefanya vizuri. Ngoja dakika 15, piga wa pili, halafu zilaze chali upulize chini ya kidevu na ndani ya joho. Usitafute kumaliza kwa mkono mmoja, ndiyo njia ya hakika ya kupoteza uso wa sanamu.

Na hewa. Yule askari wa deraya hakuharibiwa na kopo. Siku ile kulikuwa na joto kali, upepo ukavu, nami nilisimama mbali, sentimita 45 au zaidi, nikiogopa michirizi. Matone yalikauka yakiwa njiani. Kilichomfikia askari kilikuwa vumbi la rangi, chembe juu ya chembe. Kopo lilelile, nusu iliyobaki, nililitumia asubuhi yenye utulivu kwa sentimita 25 na likatoa uso laini kabisa. Nilizitazama sanamu mbili pamoja kwa muda mrefu, maana nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba kopo lile ni bovu.

Unyevu nao una ugonjwa wake. Viyeyushi vikiruka hupoza uso wa sanamu, na hewa ikiwa imejaa maji, unyevu huganda kwenye praima ikiwa bado mbichi. Inakauka na ukungu mweupe, hasa kwenye nyeusi. Siku ya mvua sipulizi, hata kama nina haraka. Siku ya joto kali napuliza alfajiri na nasogea karibu kidogo. Kati ya nyuzi 15 na 25 ndipo nimepata matokeo ninayoyaamini. Njia yangu ya kujua ni kijiko cha plastiki cha kutupwa: nakipulizia kwanza kabla ya sanamu. Kikitoka laini naendelea, kikiparuza nafunga kopo.

Mapafu ni yako, hayana vipuri. Puliza nje au mahali penye hewa inayopita, mbali na moto wa aina yoyote. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi tu, mivuke haizuii. Vaa ile yenye vichujio vya mivuke ya kemikali, na glovu. Ukimaliza, pindua kopo kichwa chini ubonyeze hadi itoke gesi tupu, ndiyo pua haitaziba. Nilipuuza hilo kwa makopo mawili ya mwanzo na yote mawili yaliziba yakiwa na rangi ya kutosha ndani.

Subiri. Baada ya nusu saa unaweza kuzishika, lakini mimi naziacha saa 24 ndipo nashika brashi. Praima iliyokauka juu na mbichi chini huvutwa na brashi yenye maji.

Askari wa deraya sikumtupa. Plastiki yake ngumu na praima yake ya akriliki zilivumilia kulowekwa usiku kucha kwenye alkoholi ya isopropili, na asubuhi nilimsugua kwa mswaki wa zamani mpaka mikono ikachoka. Sehemu kubwa ilitoka. Nilimpiga praima upya, kijivu, mikono miwili myembamba. Mchano wa gotini umerudi, nguo ya ndani inachungulia kama zamani, na pete za kifuani na begani zinahesabika. Kwapani la kushoto bado kuna chembe nyeupe zilizojikita kati ya pete, ambazo hata sindano haikuzitoa. Nimepaka rangi juu yake hivyohivyo, na amesimama mstari wa mbele.