TAHADHARI: Viungo vya feni "visivyoshika moto" ni turubai tupu

Mafundi na wote mnaotunza feni za kuvuta hewa, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni viungo vya kitambaa, vile vinavyokaa kati ya feni na dakti, yaani njia ya bati inayopitisha hewa, ili mtikisiko wa mota usihamie kwenye mabati. Anasema ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa neoprini, aina ya mpira. Alichoniletea mimi ni turubai la plastiki lililopigwa rangi nyeusi.

Nilikifunga bila kushuku kitu. Wiki ya tatu feni ikaanza kunguruma, na hewa kwenye matundu ya mbali ikawa hafifu. Nikampigia. Hakuuliza hata swali moja: "Hiyo beringi, bosi. Ninazo." Nami kwa ujinga wangu nikatoa beringi ambazo hazikuwa na kasoro, nikatia zake. Ngurumo palepale.

Ndipo nikapanda na tochi. Kiungo kiko upande wa kuvuta, na feni ikizunguka kilikuwa kimebonyea ndani kama mashavu ya kibogoyo, kimeziba sehemu ya njia ya hewa. Upande mmoja kilikuwa kimelegea hivyo, upande wa pili kimekazwa kama ngozi ya ngoma, maana kilikatwa pogo. Pale kilipokaza ndipo mtikisiko ulipokuwa unapita kwenda kwenye bati. Nikazima umeme, nikapeleka kidole kwenye mikunjo: rangi imepasuka, nyufa zinapitisha mwanga.

Kabla ya kufunga, kata kipande chembamba, kitoe nje, kishike kwa koleo ukichome. Kitambaa halisi kitaungua ule mpako tu, nyuzi za kioo zitabaki. Changu kiliyeyuka kikadondosha matone yenye moto. Fikiria hicho kitu ndani ya dakti inayopita vyumba vya watu.

Jambo jingine lililopaswa kunishtua: hakuniuliza joto la hewa, aliuliza kipimo tu. Neoprini inafaa kwa hewa isiyozidi nyuzi joto 90 hivi za Selsiasi. Hewa ya moto zaidi inataka mpako wa silikoni. Muuzaji anayeijua kazi huanzia hapo. Nilipomwomba picha ya ukingo uliokatwa, nyuzi zionekane, alinitumia tena picha ileile ya tangazo.

Hela hajarudisha. Ujumbe wake wa mwisho ulisema labda tatizo ni mota, na kwamba anayo moja, atanipunguzia.